Shajara ya mradi: bei za Busia, satoshi moja kwa swali

Siku ya 1

Kwa anayefika leo: huu mradi ni API ndogo (huduma ambayo programu za watu huiuliza na kujibiwa) inayotoa bei za nafaka hapa mpakani Busia, upande wa Uganda, pamoja na kiwango ambacho wabadilishaji fedha wa barabarani wanatumia asubuhi hiyo kati ya shilingi ya Kenya na yetu. Mahindi, maharagwe, ufuta, mtama, basi. Nilianza kuziandika Machi 2021, Kenya ilipozuia mahindi ya Uganda kwa siku chache kwa sababu ya sumukuvu. Malori yalisimama, kila dalali akawa na bei yake, na mimi nikawa na daftari. Daftari likazaa jedwali, jedwali likazaa API. Shangazi yangu ana duka soko la Sofia. Yeye na wenzake watatu ndio wanaonitumia bei kwa SMS kabla ya saa moja asubuhi.

Mpaka jana yote yalikuwa bure. Lakini kuna programu ya mtu fulani inayoniuliza bei ya mahindi kila sekunde tano, usiku na mchana, kana kwamba gunia linaamka saa nane usiku kubadilisha bei. Seva nalipa mimi. Airtime ya shangazi nalipa mimi.

Nimepiga hesabu. Nikitoza shilingi tatu au nne kwa swali, gharama inarudi na chai inabaki. Sasa mtu atanilipaje shilingi tatu? Sarafu ndogo unayoiona hapa ni ya 50, na hata hiyo mara nyingi mwenye duka anakupa peremende mahali pake. Mobile money ina ada ya kutuma. Kadi ina ada isiyobadilika kwa kila muamala, senti kadhaa za dola kabla hata asilimia haijaguswa, yaani ada inaizidi bidhaa mara nyingi. Ningeweza kuuza kifurushi cha mwezi kama wenzangu, ila mwanafunzi anayetaka bei ishirini za utafiti wake hatanunua mwezi mzima.

Ndiyo maana nimeingia kwenye Lightning, mtandao wa malipo madogo ya haraka uliojengwa juu ya bitcoin. Satoshi moja ni sehemu moja ya milioni 100 ya bitcoin. Bitcoin ikiwa dola 100,000, satoshi ni sehemu ya kumi ya senti ya Marekani, kama shilingi tatu na nusu za kwetu. Bei niliyokuwa naitafuta ni hiyohiyo.

Siku ya 2

Leo kusoma tu. Kila aliyewahi kuvinjari intaneti anaijua 404, ukurasa haupo. Namba mbili nyuma yake kuna 402, "malipo yanahitajika". Imo kwenye kanuni za HTTP, lugha ya vivinjari na seva, tangu miaka ya 1990, na kwa miaka yote hiyo maelezo yake ni mstari mmoja: imehifadhiwa kwa matumizi ya baadaye. Wamemwekea mgeni kiti na mgeni hakufika.

Mwaka 2020 kampuni ya Lightning Labs ilileta utaratibu wa kukitumia kiti hicho. Siku hizi unaitwa L402. Mteja anauliza bei. Seva inamjibu 402 na kumkabidhi vitu viwili: ankara ya Lightning, na tokeni, kibali cha kidijitali, ambayo bado haifungui kitu. Akilipa ankara, malipo yenyewe yanamrudishia siri, namba ya baiti 32, ambayo heshi yake (alama inayokokotolewa kutoka kwake, isiyoweza kugeuzwa kurudi siri) ilishaandikwa ndani ya tokeni. Anarudi na vyote viwili. Seva inakokotoa heshi ya ile siri kwa SHA-256, inailinganisha na iliyomo, inafungua. Hakuna akaunti, hakuna barua pepe, hakuna nywila. Mteja simjui na sina haja ya kumjua. (Sentensi hii nimeijutia, tazama siku ya 19.)

Tokeni za namna hii zinaitwa macaroon. Zilitoka Google mwaka 2014, na jina ni utani juu ya zile kuki za vivinjari. Nilipomwambia shangazi kwamba sasa nauza makaroni akaniuliza kilo ngapi.

Siku ya 4

Nilitaka kuwa na nodi kamili ya bitcoin, yaani kompyuta inayotunza mnyororo wote wa miamala yake, hapa nyumbani, kwa ajili ya heshima. Mnyororo mzima unazidi GB 600. Bando langu la GB 10 liliisha nikiwa bado kwenye bloku za mwaka 2013, na kila bando lina kodi ya asilimia 12 tangu Julai 2021. Heshima imeahirishwa. Nimekodi seva Ujerumani, nimeweka LND, programu ya kuendesha nodi ya Lightning, juu yake kwa hali nyepesi, ile isiyopakua mnyororo wote, na mwenye seva anapokea bitcoin. Hilo la mwisho lishikeni, lina kazi huko mbele.

Siku ya 5

Nimefungua chaneli ya satoshi 400,000 na nodi moja kubwa. Nikasubiri thibitisho. Nikajitumia ankara ya majaribio ya satoshi 100 kutoka pochi ya simu. Imekataa. Nikajaribu 10. Imekataa. Moja. Imekataa.

Imenichukua mchana mzima kuelewa kitu ambacho wakala yeyote wa mobile money angenieleza kwa dakika mbili. Wakala ana floti kwenye simu na ana noti kwenye droo. Droo ikiwa tupu, hata awe na floti ya mamilioni, anayekuja kutoa pesa atarudi mikono mitupu. Chaneli ya Lightning ni hivyohivyo: ina pande mbili, na jumla yake haibadiliki. Nimeifungua kwa pesa yangu, kwa hiyo pesa yote imelala upande wangu. Naweza kulipa, siwezi kulipwa, kwa sababu upande wa pili hauna kitu cha kusukuma kuja kwangu.

Dawa: nimetuma satoshi 250,000 kutoka kwenye chaneli hadi pochi yangu nyingine. Pesa ni yangu bado, ila sasa upande wa pili una nafasi ya kunilipa kiasi hicho. Unaweza pia kununua nafasi kwa watu wanaoiuza. Nikapima tena na satoshi 100. Imeingia kabla sijashusha kikombe.

Siku ya 7

Hesabu ya satoshi moja kwa swali imeanguka, na imeangushwa na njia, siyo na mteja.

Malipo ya Lightning hupita kwa nodi za watu wengine, na kila anayepitisha huchukua chake. LND ikiwekwa bila kuguswa inatoza satoshi moja kwa kila malipo yanayopita, halafu sehemu moja ya milioni ya kiasi chenyewe. Hiyo sehemu ya milioni haina neno. Ile satoshi moja ya mwanzo ndiyo inaua: mteja anatuma satoshi moja kwangu, mpitishaji mmoja anachukua satoshi moja, ada ni asilimia 100. Wapitishaji wakiwa wawili, nauli imeuzidi mzigo mara mbili.

Kwa hiyo bei inabaki satoshi moja kwa swali, lakini mlangoni nauza maswali 100 kwa mkupuo. Ankara ni ya satoshi 100, ada ya njia ni moja au mbili, na tokeni inabeba hesabu ya maswali yaliyobaki. Ni kama kununua dumu la maji badala ya kulipia kikombe bombani kila unapoona kiu. Ladha ya "lipa kwa kila tone" imepungua kidogo, nakubali. Waliosimulia uzuri wa malipo madogo mara nyingi hawakukaa na hesabu ya wapitishaji.

Tena niliposema tokeni inabeba hesabu nimesema kwa urahisi. Haiwezi kujipunguza yenyewe, mteja angeirudisha ileile kila siku. Hesabu iko kwenye hifadhidata yangu, tokeni ina kitambulisho tu.

Siku ya 8

Mlango wa malipo umeanza kazi saa kumi na mbili jioni. Yule wa kila sekunde tano amekutana na 402 yake ya kwanza na hajashtuka. Anaendelea kugonga. Hiyo ni mara 17,280 kwa siku, na kumwambia "lipa" nako kunakula seva. Nimeweka kizuizi kwenye proksi, programu inayopokea maombi mbele ya seva: asiye na tokeni, mara moja kwa dakika.

Siku ya 9

Leo nimekaribia kumkata mtu kichwa.

Nina mteja wa Nairobi, kijana anayetengeneza programu ya wenye malori. Tunajuana kwa simu tu. Saa nne asubuhi amenipigia.

"Ndugu, mahindi yenu yamegeuka dhahabu?"

Nikamwomba anisomee ankara. Herufi za mwanzo tu zinatosha, kwa sababu ankara ya Lightning huandika kiasi hapohapo mwanzoni. Ilitakiwa ianze na lnbc1u. Ile u ni sehemu ya milioni ya bitcoin, na moja kati ya hizo ni satoshi 100. Akasoma: "l, n, b, c, moja, m." Nikaomba arudie. M kama mama. Hiyo ni sehemu ya elfu ya bitcoin. Satoshi 100,000. Kwa ile bei ya dola 100,000 ni dola 100 kamili kwa maswali mia ya bei ya mahindi.

Kosa langu: LND inapokea kiasi kwa satoshi au kwa elfu ya satoshi, ni sehemu mbili tofauti za ombi moja. Usiku nilikuwa nimebadilisha hesabu zangu za ndani ziwe kwa elfu za satoshi, halafu namba ile nikaiacha iingie kwenye sehemu ya satoshi. Mara elfu moja, bila onyo lolote. Kwa kompyuta zote ni namba halali.

Kilichomwokoa ni yeye mwenyewe. Aliiwekea pochi ya programu yake ukomo wa satoshi 500 kwa ankara moja, ikakataa na kumwandikia ujumbe. Angekuwa mvivu kama mimi, pesa ingeshatoka, na malipo ya Lightning hayarudishwi na mtu wa kati kwa sababu mtu wa kati hayupo. Sasa msimbo wangu unaisoma ankara kabla ya kuitoa, na kiasi kikizidi satoshi 1,000 unasimama na kunipigia kelele. Ukitengeneza mteja wa L402, weka ukomo. Usiniamini mimi wala mwingine.

Siku ya 10

Umeme umekatika tangu alfajiri. Rolex mbili (chapati na mayai), simu asilimia 14, kumbukumbu za seva nasoma kwa jicho moja.

Siku ya 12

Hapa ndipo kazi halisi ilipo, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Zamani API ikikwama, mteja alijaribu tena. Ilikuwa aibu ndogo. Leo nimeona mteja ambaye maswali yake matano yalikatika katikati, yakarudi na 500, namba ya kosa la seva, na kaunta yangu imempunguzia matano. Amelipia hitilafu yangu. Tangu nianze kutoza, kila kosa la seva limekuwa deni, na mimi nilikuwa sina hata daftari la madeni. Shangazi analo, lenye jalada jekundu, na hakuna kilichomo humo kinachosahaulika.

Nilikuwa napunguza hesabu kabla ya kwenda kuchukua bei. Nikageuza: chukua bei kwanza, punguza baadaye. Ikavuja upande wa pili: mteja mwenye swali moja lililobaki akituma maombi kumi kwa wakati mmoja, yote kumi yanasoma "limebaki moja" na yote yanapewa. Mwishoni nimefanya kama wanavyofanya kwenye baa: tenga kwanza, toza ukishapeleka. Ombi likiingia, swali moja linatengwa kwa hatua moja isiyogawanyika ndani ya hifadhidata. Jibu likitoka salama, limetozwa. Likikwama, linarudi. Na mteja anaweza kuambatanisha namba yake ya ombi, akituma lilelile mara mbili kwa sababu mtandao wake ulikatika, halitozwi mara ya pili.

Niliwaza pia kuzuia malipo yenyewe: Lightning inaruhusu mpokeaji kuyashikilia bila kutoa siri mpaka ajiridhishe, asiporidhika yanarudi kwa aliyetuma. Lakini muda wote huo pesa imefungwa kwenye kila chaneli iliyopitia, pesa za watu, na kwa mkupuo wa maswali mia yatakayotumika wiki nzima haina maana. Nimeacha.

Siku ya 14

Satoshi 4,300 tangu tuanze. Kwa kiwango kile nilichotaja ni kama shilingi elfu kumi na tano. Yule wa sekunde tano hajalipa, ila ameacha kugonga.

Shangazi ameuliza swali alilonalo tangu siku ya kwanza: "Mwanangu, hizo satoshi zinanunua sukari?"

Hapa Busia, hapana. Aprili 2022 Benki Kuu ya Uganda iliyaandikia makampuni ya malipo yenye leseni yasiwezeshe sarafu za kidijitali kugeuzwa mobile money. Kuna aliyepinga agizo hilo, na Mahakama Kuu ikalitupa ombi lake mwaka 2023. Wapo wanaobadilishana mtu kwa mtu, mimi sitaki mradi wa bei za maharagwe unitoe usingizi. Nimefanya hivi: satoshi zinalipa seva ya Ujerumani, moja kwa moja. Shilingi ambazo zamani zilikwenda kwenye seva ndizo sasa namtumia shangazi na wenzake kwa mobile money, na ya kutolea juu yake, pamoja na ile nusu asilimia ya kodi ya kutoa pesa. Hakuna kilichobadilishwa popote. Pesa ya Lightning haijavuka mpaka wa Uganda.

Shangazi alisikiliza mpaka mwisho, akasema: "Kwa hiyo sukari inanunuliwa na zile za zamani." Ndiyo, shangazi.

Siku ya 16

Mteja wa Nairobi ananishauri x402, utaratibu ambao kampuni ya Coinbase iliutoa Mei 2025. Namba ni ileile ya 402, ila malipo ni dola za kidijitali, USDC, juu ya mtandao wa Base. Mteja hatumi pesa mwenyewe: anasaini hati ya kuruhusu kiasi fulani kichukuliwe, seva inaipeleka kwa mwezeshaji, na mwezeshaji anaihakiki na kuiandika kwenye mnyororo. Nimeijaribu kwenye testneti, mtandao wa majaribio, jioni moja na imefanya kazi mara ya kwanza, jambo ambalo Lightning haikunifanyia. Hakuna habari za floti na droo. Bei haipandi na kushuka na bitcoin.

Kinachonizuia ni mwezeshaji. Tayari kuna mtu wa katikati ambaye siku akiniona sifai nitakuwa nimefunga duka. Ninaiweka kama mlango wa pili, wa wateja wanaoitaka. Mlango wa mbele unabaki huu.

Siku ya 19

Jana usiku nilipandisha toleo jipya. Asubuhi nimekuta malalamiko mawili, la mteja wa Nairobi na la mwanafunzi wa Kampala: tokeni zao zimekataliwa. Zote.

Tokeni zinasainiwa kwa ufunguo wa siri wa seva. Ule ufunguo nilikuwa nautengeneza programu inapowaka, ukikaa kwenye kumbukumbu ya muda, nikisema nitauhamisha mahali pa kudumu "wiki ijayo". Programu ilipozimwa na kuwashwa upya, ufunguo umekwenda na kila saini iliyotoka kwake. Watu watatu walikuwa na maswali yaliyolipiwa. Wawili ni hao.

Wa tatu simjui. Alinunua mkupuo wa 100, akatumia 63. Kumbukumbu zinaonyesha alijaribu mara 14 kati ya saa nane na dakika kumi na saa nane na robo usiku, kila mara akapata 401, akanyamaza. Bahati tu kwamba tokeni mbovu naijibu 401, kataa. Ningeijibu 402, programu yake ingenunua mkupuo mpya ilhali ule wa zamani bado una maswali 37 aliyokwisha kulipia. Sina simu yake. Sina barua pepe yake. Nchi sijui. Nilijisifu siku ya 2 kwamba sina haja ya kumjua, na leo nina satoshi 37 zake na sina pa kuzipeleka.

Kitu kimoja hakikupotea: ile siri ya malipo. Haitegemei ufunguo wangu. Kila ombi lake linaileta pamoja na tokeni, na nodi yangu inakumbuka kila ankara iliyolipwa kwa heshi yake. Kwa hiyo nimeongeza njia ya pili: saini ikikataa, seva inakokotoa heshi ya siri, inaitafuta kwenye ankara zilizolipwa, ikiipata inatoa tokeni mpya yenye maswali yaleyale yaliyobaki. Siri ndiyo risiti. Nairobi na Kampala wameingia hivyo kabla ya chakula cha mchana bila kubadilisha chochote kwao. Ufunguo mpya uko kwenye diski, na nakala yake iko kwa karatasi ndani ya daftari jekundu la shangazi, ukurasa wa nyuma, chini ya deni la mafuta la jirani yake.

Nimeiondolea ile tokeni ya tatu tarehe ya kuisha. Saa mbili usiku sasa, hajarudi. 37.